Je, Wajua? Platinamu Ndani ya Dripu
Je, wajua kwamba sisplatini, mojawapo ya dawa za kutibu saratani ya umio inayowasumbua wengi Meru na Embu, ina platinamu, madini yaleyale yanayofuliwa pete? Uwezo wake wa kuzuia seli kugawanyika uligunduliwa Marekani mwaka 1965. Kipimo chake hakikisiwi: mgonjwa hupimwa urefu na uzito, ndipo dozi ikokotolewe. Kwa kuwa yaweza kuumiza figo, mgonjwa hutundikiwa pia dripu ya maji ya chumvi. Dawa hii huleta kichefuchefu, masikio kuvuma na ganzi vidoleni. Ukiwa kwenye matibabu haya ukapata homa ya nyuzi 38, usingoje kupambazuke. Nenda hospitali mara moja.