Kijana Mwenye Kigugumizi na Sisi Tumsikilizao



Leo twataka kunena habari za watu ambao wenyewe aghalabu hawapendi kunena. Si kwamba hawana maneno. Wanayo tele, pengine kutupita sisi, ila neno likifika kinywani hukwama. Hao ndio wenye kigugumizi, na hasa twawakusudia vijana, kwa sababu katika ujana ndipo kicheko cha wenzi huuma sana.

Hatuna budi kuanza na kosa letu wenyewe. Tulipokuwa wanafunzi alikuwako mwenzetu mmoja, ambaye hatutamtaja jina, aliyetumwa na mamaye dukani kununua mchele kwa ajili ya wageni. Alipofika mbele ya mwenye duka, midomo yake ikashikana penye herufi ya M, isifumbuke. Watu wakaanza kucheka, nasi tukiwa miongoni mwao. Mwenye duka akamwambia, "Sema upesi, wenzako wangoja." Mwisho yule mtoto akasema, "Unga," akapewa unga, akaenda zake. Nyumbani alipigwa kwa ukaidi, wala hakujieleza. Sisi tuliokuwako dukani tuliijua sababu, na hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kumwambia yule mama.

Basi kigugumizi ni nini? Mtu hurudia sehemu ya neno mara nyingi, au huivuta herufi moja mpaka ikawa ndefu, au sauti hufungwa kabisa asiweze kutoa kitu, na huku shingo imekaza na macho yamefumba. Akilini neno limekwisha kuwa tayari. Anajua hasa alitakalo, na hilo ndilo liletalo uchungu, maana msikilizaji hudhani kuwa amesahau, au anadanganya, au ni mpumbavu. Akili ya mwenye kigugumizi haipungui hata kidogo.

Zamani watu walidhani kuwa kosa ni la ulimi. Mwaka 1841 mganga mmoja mashuhuri wa Berlin, jina lake Dieffenbach, aliwakata wagonjwa kipande cha ulimi ili kuwaponya. Damu ilimwagika bure. Huku kwetu nako wako wasemao kuwa mtoto amerogwa, au alitishwa, au amemwiga mwenzake. Wataalamu wa siku hizi wameona kuwa jambo lenyewe limo katika ubongo, namna unavyopanga wakati wa kusema. Ili neno moja litoke, pumzi, koo, ulimi na midomo sharti vifuatane kwa nukta, kama wapigaji wa ngoma. Mpiga chapuo na mpiga vumi wakipishana kidogo tu, wachezaji husimama. Tena jambo hili hufuata ukoo. Mara nyingi mwenye kigugumizi huwa na mjomba, au babu, au ndugu aliye vivyo hivyo, na tangu mwaka 2010 wachunguzi wamekuwa wakivumbua baadhi ya chembe za urithi zinazohusika. Malezi mabaya siyo yaletayo kigugumizi, wala woga siyo asili yake, ingawa woga huweza kukizidisha.

Liko jambo la ajabu ambalo kila mwalimu aweza kulijaribu. Mwenye kigugumizi akiimba, aghalabu hakwami. Akisoma kwa pamoja na wenzake, sauti moja, hakwami. Akisema na mbuzi wake malishoni, au peke yake njiani, maneno humtoka kama maji. Lakini mwite asimame peke yake, watu arobaini wamkodolee macho, na neno lile lile litamfunga.

Kigugumizi huanza utotoni, kwa kawaida kati ya miaka 2 na 5, wakati mtoto anapojifunza kuunga maneno. Hukadiriwa kuwa katika watoto 100, kama 5 hivi hukipata kwa muda, na wengi wao hupona wenyewe. Kwa watu wazima husalia kama mmoja katika 100, na wanaume ni wengi kuliko wanawake. Kwa hiyo mzazi asifadhaike upesi. Lakini kikidumu zaidi ya miezi sita, au mtoto akianza kuogopa kusema, ni vema kumpeleka kwa mtaalamu wa usemi. Hao kwetu wangali wachache, nao huonekana zaidi mijini. Dawa ya kunywa iliyothibitika kuwa huponya kigugumizi haijapatikana, basi aiuzaye, mwogopeni.

Sasa tuje kwenye shida ya kijana. Anayempita miaka kumi na ambaye kigugumizi hakikumwacha hujifunza hila. Akiona neno gumu laja mbele, hulikimbia na kushika jingine, kama mwenzetu alivyouacha mchele akashika unga. Mtu asiyemjua aweza kukaa naye mwaka mzima asitambue kitu, ila kwamba ni kijana mkimya. Lakini yako maneno yasiyo na badala. Jina la mtu mwenyewe halina badala. Mwalimu akiita majina asubuhi na kila mtu kuitika, kijana huyu huanza kutetemeka majina kumi kabla ya lake. Mlangoni kwa watu hana budi kupiga hodi. Na zaidi ya yote kuna maamkizi. Adabu yetu hutaka upesi: mdogo akikutana na mzee njiani asipotamka "Shikamoo" mara moja, mzee akipita hatua mbili tatu amekwisha kumhukumu kuwa hana malezi. Kumbe "shikamoo" ilikuwa imemkaa kooni tangu alipomwona kwa mbali. Wako vijana wanaobadili njia ili wasikutane na wakubwa wanaowaheshimu kweli kweli, kwa kuogopa salamu tu.

Miaka mingi baadaye tulikutana na yule mwenzetu, tukamwomba radhi kwa habari ya duka. Alitujibu kuwa fimbo za mamaye alizisahau upesi. Lakini tangu siku ile hakuingia tena katika duka lile; alikuwa akizunguka mpaka duka la ng'ambo ya mto, na nyumbani wakamwita mvivu kwa kukawia.

Nguvu ya maneno ya wasikilizaji ilionekana katika jaribio moja baya lililofanywa Marekani, katika jimbo la Iowa, mwaka 1939. Mwalimu wa chuo kikuu, Wendell Johnson, na mwanafunzi wake, Mary Tudor, walichukua watoto 22 katika nyumba ya yatima. Miongoni mwa wale waliosema vizuri kama watoto wengine walichaguliwa sita. Wakaambiwa kuwa wanaanza kuwa na kigugumizi, wajihadhari, wasiseme mpaka wawe na hakika ya kusema sawasawa. Walionyeshwa kila kosa dogo. Waliotazama habari zile baadaye waliona kuwa watoto hao hawakushikwa na kigugumizi hasa. Walichoshikwa nacho ni hofu. Wengine walikataa kusema, na mmoja akawa anafunika macho kwa mkono. Chuo kikuu kiliomba radhi mwaka 2001, na mwaka 2007 serikali ya jimbo ikakubali kuwalipa waliodai, nao wamekwisha kuwa wazee. Tazameni jinsi maonyo yale yanavyofanana na yale tuyasemayo kila siku kwa nia njema: "Tulia kwanza. Vuta pumzi. Anza tena."

Wengi wamepata kusikia habari za Mfalme George wa Sita wa Uingereza. Alikuwa na kigugumizi tangu utoto. Disemba 1924, angali mtoto wa mfalme tu, yeye na mkewe walishuka Mombasa kwa safari yao ya Afrika ya Mashariki. Mwaka uliofuata, Oktoba 31, 1925, alipewa hotuba ya kufunga maonyesho makubwa ya Wembley, na hotuba ile ikawa mateso kwake na kwa waliomsikiliza. Mwaka 1926 alikwenda kwa mtu wa Australia aliyeitwa Lionel Logue, ambaye hakuwa daktari, akafanya naye mazoezi ya pumzi na ya sauti siku nyingi. Mwaka 1927 alifungua bunge la Canberra, akasema vizuri. Lakini watu hukosea wanaposimulia kuwa aliponywa. Hata Septemba 3, 1939, aliposema katika redio kutangaza habari ya vita, karatasi yake ilikuwa imetiwa alama za mahali pa kupumzika, na Logue alikuwa pamoja naye chumbani. Alisema polepole, akinyamaza kati ya maneno, na dola nzima ikangoja.

Kungoja kule ndiko tuwezako hata sisi wa vijijini, wala hakuna gharama. Kijana akikwama, mtazame kama unavyomtazama mtu yeyote anenaye nawe. Usiangalie chini kwa kumwonea haya, wala usimmalizie neno lake, maana mara nyingi utalimalizia silo, naye itampasa aanze upya. Usimsifu kwa siku aliyosema bila kukwama, asije akadhani kuwa siku nyingine amekosa. Wewe mwenyewe punguza mwendo wa kusema, na mwendo wako utamsaidia kuliko mashauri. Mzee njiani angoje hatua hizo mbili tatu.

Nanyi walimu, msimwondoe kabisa katika kusoma, maana kuachwa nako ni aibu. Bali msomesheni pamoja na mwenzake mmoja, sauti mbili, mpaka azoee. Mwulizeni faraghani apenda kuitwa wa kwanza au la, kwa sababu kwa wengi kuichungulia zamu ndiko kunakotesa. Katika kuitika majina, darasa zima liinue mikono, na mambo yamekwisha. Anayecheka aonywe palepale.

Na wewe kijana usomaye haya, ambaye maneno hukukwama: jaribu, japo kwa mtu mmoja unayemwamini, kumwambia mapema, "Nina kigugumizi, ningoje kidogo." Maneno hayo nayo huenda yakakwama. Si kitu; atakuwa amekwisha kuelewa.