Ng'ombe Akilala, Mate Hayalali

Ng'ombe amelazwa ubavu, ameshachomwa dawa ya usingizi, na mpira wa kupitishia hewa umo kooni. Chini ya shingo daktari wa mifugo ametia gunia la majani makavu, koo liinuke na mdomo uelekee chini. Punde mate yanaanza kuchuruzika, na udongo unalowa kabla hata kisu hakijagusa ngozi.

Mate hayo si maji matupu. Ng'ombe mkubwa hutoa lita 100 au zaidi kwa siku, nayo yamejaa sodiamu na baikaboneti, jamaa ya magadi tunayotilia maharage. Akiwa macho huyameza. Yakifika tumboni hupunguza makali ya asidi ya majani yanayochacha, kisha madini yake hurudi kwenye damu. Akiwa kwenye nusukaputi hamezi. Kutoka yanatoka, kurudi hayarudi. Operesheni ikirefuka, damu huelekea kwenye asidi.

Atropini, inayokausha mate ya mbwa, kwa ng'ombe huyafanya mazito tu. Juu ya hayo, tumbo lililojaa hukandamiza mapafu, kabonidayoksaidi ikabaki mwilini na kuongeza asidi. Asidi ikizidi, potasiamu iliyotulia ndani ya seli husukumwa nje kuingia kwenye damu, na ikijaa humo huvuruga mapigo ya moyo.

Figo nazo hufuata dawa iliyotumika. Zailazini, ambayo ng'ombe hulegezwa kwa takriban sehemu moja ya kumi ya dozi ya farasi, huzuia insulini. Sukari hupanda katika damu na mkojo huwa mwingi. Dawa za usingizi zinazovutwa kwa pumzi hutanua mishipa, presha hushuka, na figo hubana maji. Ndiyo maana dripu haimiminwi ovyo: hata kwa mbwa, miongozo ya Marekani ya mwaka 2013 ilipendekeza kuanza na mililita 5 kwa kilo kwa saa, nusu ya kipimo kilichozoeleka.

Upasuaji ukiisha, ng'ombe huegemezwa akalalia kifua, gesi ya tumboni ipate pa kutokea. Anaweza kufumbua macho, hata kutikisa sikio, mpira ukabaki kooni. Daktari anatazama koo tu. Likipanda na kushuka, amemeza, na magadi yake yameanza kurudi nyumbani.