Msitu Uliochomwa Mkaa: Matembezi ya Siku Moja Harriman

Barabara ya msituni ina swali moja la kuulizwa kabla ya mengine yote: ilikuwa inabeba nini? Katika hifadhi ya Harriman, mwendo wa saa moja hivi kwa gari kaskazini mwa jiji la New York, barabara za zamani zimesambaa msituni kila upande. Zinazunguka maziwa, zinapita kando ya vinamasi, na nyingi zimefungwa kwa magari kwa miongo mingi. Kila wikendi watu wa mjini huzifuata kunyoosha miguu, na wengi hurudi nyumbani bila kujua nani alikata ule mwamba au kwa nini njia ilipinda pale ilipopinda. Wanakosa utamu wote. Barabara hizi zilitengenezwa kwa kazi ngumu ya madini ya chuma na mkaa. Ukiielewa kazi hiyo, utajua kwa nini miti ya pale ni myembamba kuliko ulivyotarajia, na kwa nini dira yako hutikisika ghafla mahali pasipo na sababu ya kuonekana.

Kwa mgeni ninapendekeza mzunguko unaoanzia maegesho ya Ziwa Skannatati, kando ya Seven Lakes Drive. Mtu anayesimama kuangalia vitu ataumaliza kwa saa tano au sita bila haraka. Hapo maegeshoni zinaanza njia mbili zenye tabia tofauti kabisa. Long Path, yenye alama za rangi ya feruzi, inashika ukingo wa ziwa. Arden-Surebridge, yenye pembetatu nyekundu juu ya rangi nyeupe, inakupeleka mlimani papo hapo, na dakika chache za mwanzo utahema.

Tofauti hiyo inaeleza mambo mengi. Njia ya miguu iliyobuniwa na wapenda mandhari hutafuta kilele, kwa sababu mtembeaji anataka kuona mbali. Barabara ya mkokoteni hukikimbia kilele, kwa sababu farasi au ng'ombe aliyefungiwa tani ya mawe hawezi mchezo huo. Kwa hiyo barabara za kazi zilishika mabonde, na mabondeni ndiko yaliko maji. Ukiona njia inapanda polepole mno, upana wake unatosha gari la farasi, upande wa juu umechimbwa na upande wa chini umepangwa mawe kama msingi wa nyumba, hapo umeingia barabara ya mgodi. Arden-Surebridge yenyewe, ikishamaliza kukutesa mlimani, inashuka na kujiunga na barabara ya namna hiyo karibu na kinamasi cha Pine Swamp. Miguu inapumzika mara moja.

Sasa tuyaangalie maji. Mwamba wa Harriman ni naisi, jiwe lililokandwa kwa joto na mgandamizo chini ya ardhi zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita. Matuta yake yamelala kutoka kusini-magharibi kwenda kaskazini-mashariki, na mabonde katikati yake vilevile. Kisha ikaja barafu. Katika enzi ya mwisho ya barafu, ambayo kilele chake kilikuwa miaka 20,000 hivi iliyopita, eneo hili lote lilifunikwa na barafu nene iliyokuwa ikisogea. Ilikwangua udongo wa milimani hadi mwamba ukabaki uchi, na ilipoyeyuka iliacha mchanga, udongo wa mfinyanzi na mawe makubwa popote ilipochoka kuyabeba. Mzigo huo uliziba midomo ya mabonde. Maji yakakosa pa kutokea, yakatuama. Mtembeaji anayepita huku wiki nzima baada ya mvua akaona njia bado inatiririka asishangae, maana chini ya majani kuna udongo wa kina kifupi, na chini yake kuna mwamba usiopitisha maji.

Wageni wengi hudhani ziwa ni la asili na kinamasi ni uharibifu. Harriman mambo ni kinyume. Pine Swamp imekuwepo tangu barafu iondoke, ilhali Skannatati na mengi ya maziwa zaidi ya thelathini ya hifadhi yalitengenezwa kwa kuziba vijito kwa kuta. Baadhi yalijengewa kuta na kikosi cha vijana wasio na ajira kilichoanzishwa na serikali ya Rais Franklin Roosevelt mwaka 1933, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi. Lengo lilikuwa kambi za majira ya joto, ili watoto wa mitaa ya mjini iliyobanana wapate mahali pa kuogelea. Sehemu nyingi zilizozamishwa zilikuwa vinamasi. Mimi nayapenda maziwa hayo na sidharau kazi ile hata kidogo, lakini mwenye siku moja tu ningemwambia akitazame kinamasi kwa muda mrefu zaidi.

Kitazame kwa karibu, ukichuchumaa ukingoni. Maji yana rangi ya chai ya rangi, na hayo si machafu. Chini ya maji udongo hauna oksijeni ya kutosha, kwa hiyo majani yanayodondoka hayaozi vizuri. Yanarundikana mwaka hadi mwaka, na tanini iliyomo ndani yake hutoka taratibu kama inavyotoka katika majani ya chai. Katikati utaona mashungi ya nyasi za kinamasi, kila shungi limejijengea kisiwa chake, na miti ya mepo mwekundu iliyosimama na mizizi imetandaa juu juu kwa kuogopa kuzama mahali pasipo na hewa. Mwezi Machi, theluji ikiwa bado haijaisha, mmea mmoja hutoboa barafu kwa joto lake wenyewe. Wamarekani huuita kabichi ya kicheche kwa sababu ya harufu yake. Ua lake huchoma wanga uliohifadhiwa mzizini na kupata joto kuliko hewa inayolizunguka kwa digrii 15 na zaidi, na harufu ile huwaita nzi wa mwanzo wa majira. Wakati huohuo vyura wadogo wa miti, wenye urefu wa sentimita mbili na nusu tu, hupiga kelele za mluzi kwa maelfu. Ukiwa karibu huwezi kuzungumza na mwenzako.

Ukifuata njia ya Dunning, yenye alama za manjano, unafika mgodi wa Pine Swamp. Ulifunguliwa karibu na mwaka 1830, ukafanya kazi kwa vipindi hadi karibu na 1880. Mwamba umepasuliwa wima, kuta zimepita urefu wa mtu mara kadhaa, na hewa inayotoka ndani ni baridi hata Julai. Weka kidole ukutani. Utapata mifereji ya nusu duara, iliyonyooka, upana wa kidole gumba: ni mabaki ya matundu yaliyochimbwa kwa patasi na nyundo, yakajazwa baruti, yakalipuliwa. Mbele kidogo, Long Path inapita mgodi wa Hogencamp, uliofanya kazi kuanzia 1870 hadi 1885 na ulikuwa na kijiji chake. Misingi ya nyumba bado ipo kati ya miti. Mashimo ya wima yamejaa maji, na maji yale meusi hayaonyeshi kina. Usikaribie ukingo, na mtoto umshike mkono.

Mawe ya sumaku yaliyotolewa huku yalipelekwa kwenye matanuru kama la Greenwood, upande wa magharibi, sehemu ambayo leo inaitwa Arden. Ndugu wawili, Robert na Peter Parrott, walimiliki shughuli hiyo. Robert ndiye aliyebuni mzinga wa Parrott uliotumiwa sana na jeshi la Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865. Lakini chuma hakiyeyuki kwa mawe peke yake. Kinataka moto, na moto wa matanuru ya zamani ulikuwa mkaa wa miti. Tanuru moja liliweza kumaliza miti ya ekari nzima kwa siku moja. Msitu huu wote uliangushwa, ukaota, ukaangushwa tena.

Hapa msomaji wa Afrika Mashariki ana macho ambayo wengi wa wapita njia hawana. Aliyewahi kuona tanuri la mkaa Morogoro au Kitui, magogo yamepangwa, yakafunikwa majani na udongo, moshi unatoka taratibu kwa siku nyingi huku mchomaji akilala kando akilinda moto usishike, atazitambua alama zake hapa. Tafuta mahali palipo sawa kabisa kwenye mteremko, duara la hatua kumi hivi, bila mawe. Fukua majani kwa kisigino. Udongo ni mweusi, na vipande vya mkaa bado vinachafua vidole baada ya miaka mia na hamsini. Vijia vinavyounganisha maduara hayo ndivyo vilivyozaa nyingi ya barabara unazotembea.

Ndiyo maana pia mialoni ya pale ina unene unaofanana. Iliota pamoja, kutoka kwenye visiki, mkaa ulipoacha kuhitajika. Kati yake ungetegemea kukuta michestinati mikubwa, ambayo zamani ilitawala milima hii, lakini ukungu ulioingia na miti kutoka Asia, ukagunduliwa katika bustani ya wanyama ya Bronx mwaka 1904, uliiua karibu yote. Mizizi ya baadhi bado hai. Inachipua, inafikia unene wa mkono, ukungu unairudia, inakufa, inachipua tena. Nikiona chipukizi la namna hiyo kando ya njia huwa nasimama kila mara.

Hifadhi yenyewe ilipatikana kwa njia isiyotarajiwa. Mwaka 1886 tajiri wa reli Edward Harriman alinunua ardhi ya akina Parrott mnadani. Baadaye serikali ya jimbo ikaanza kujenga gereza Bear Mountain, jirani tu. Harriman alifariki 1909, na mwaka uliofuata mjane wake, Mary, alitoa ekari 10,000 na dola milioni moja kwa sharti kwamba gereza lihamishwe. Hati alikabidhi mtoto wao Averell, kijana wa miaka 18, ambaye baadaye alikuwa gavana wa New York. Sehemu ya kwanza kabisa ya Appalachian Trail ilifunguliwa humuhumu mwaka 1923.

Turudi kwenye dira. New York sindano ya dira hukosea kaskazini halisi kwa takriban digrii 12 au 13 upande wa magharibi, na hilo ramani itakuambia. Kitu ambacho ramani haitakuambia ni kwamba karibu na mawe ya sumaku sindano inaweza kuvutwa kando kabisa. Wachimbaji wa zamani walitafuta madini kwa kutumia udhaifu huohuo. Kwa hiyo kando ya migodi amini alama za mitini kuliko dira. Alama moja ni kuendelea mbele. Alama mbili, ya juu ikiwa imesogezwa kulia au kushoto, ni kona ya upande huo. Ukitembea muda mrefu bila kuona alama, rudi hadi uliyoiona mwisho, kwa sababu barabara nzuri za kazi zisizo na alama zimejaa huku na zitakuchukua kwa upole hadi mahali usipopajua.

Njiani huenda ukakuta barabara imezama. Hiyo mara nyingi ni kazi ya biva, mnyama mgugunaji anayeangusha miti kwa meno na kujenga ukuta kuvuka kijito. Biashara ya ngozi yake ndiyo iliyoinua koloni la New York, hadi leo yumo kwenye nembo ya jiji, na ilipofika mwaka 1900 alikuwa karibu ametoweka katika jimbo zima. Kurudi kwake ni ushindi. Ukuta wake unatandaza maji, miti inakufa imesimama, na korongo wa kijivu wanapata pa kujenga viota. Wapo wanaodai kuta hizo zibomolewe ili barabara ikauke. Nawaelewa, ila nasimama upande wa biva: mtu ana miguu, njia inaweza kusogezwa mita hamsini juu ya mteremko. Kwenye tope la kawaida, kinyume chake, pita katikati na viatu vichafuke. Kila anayekwepa pembeni anaikanyaga mimea ya ukingo, na baada ya msimu mmoja njia ya mita mbili imekuwa ya mita sita. Maji ya kunywa beba ya kwako, maana ya kijito yana vijidudu vya kuharisha hata yakionekana safi.

Cha kuogopa zaidi kuliko dubu mweusi au nyoka ni kupe mwenye miguu myeusi, anayeambukiza ugonjwa wa Lyme. Wachanga, wanaotembea sana Mei hadi Julai, ni wadogo kuliko punje ya ufuta. Vaa suruali ndefu, ichomeke ndani ya soksi, na ukifika nyumbani jikague nyuma ya magoti, kwapani na kwenye nywele. Kwa kawaida kupe huhitaji zaidi ya saa 24 akiwa ameng'ata ndipo aambukize, hivyo ukaguzi wa jioni ni kinga ya kweli. Mng'oe kwa kibano chenye ncha nyembamba, ukimshika karibu kabisa na ngozi na kumvuta moja kwa moja. Usimpake mafuta wala usimchome. Ukiona doa jekundu linalotanuka, au homa, siku au wiki chache baadaye, mwone daktari na umtajie msitu.

Kwa majira, ningechagua mwisho wa Oktoba: majani yamepungua, na misingi, kuta na maduara ya mkaa yanaonekana wazi. Desemba jua huzama saa kumi na nusu jioni, na bondeni giza hutangulia, basi anza asubuhi na ubebe tochi. Skannatati haina treni. Asiye na gari apande treni ya Port Jervis, kwa kubadilisha Secaucus, ashuke Tuxedo. Kutoka stesheni inaanza Ramapo-Dunderberg, yenye nukta nyekundu, njia ya kwanza iliyochorwa na wanachama wa muungano wa njia za New York na New Jersey mwaka 1920. Ni ndefu na ina vilima, lakini inafika hadi njia panda ambayo watembeaji waliibandika jina la Times Square, inapokutana na Long Path na Arden-Surebridge katikati ya barabara za mgodi. Kabla ya kuondoka stesheni, piga picha ratiba ya treni za kurudi. Wikendi huwa ni chache.