Usaha wa Taya Usiokwisha



Mama mmoja katika kikundi tulichotembelea alikuwa hatoki nyumbani bila kujifunga kitambaa usoni. Aling'olewa jino, taya likavimba, halafu pakatoboka chini ya kidevu na usaha ukawa unatoka. Ukizidi, alinunua kapsuli nne dukani. Unakauka, anafurahi, baada ya mwezi umerudi. Majirani wakaanza kunong'ona ati amerogwa. Hakurogwa. Viini vilikuwa vimeingia katika mfupa wa taya.

Ugonjwa huu ukipita wiki 4 huitwa sugu. Mara nyingi huanzia kwa jino lililooza au lililong'olewa, ama taya lililovunjika. Hushika zaidi taya la chini, kwa kuwa halipati damu nyingi kama la juu. Wenye kisukari na wale ambao kinga yao imedhoofika wako hatarini zaidi.

Sasa sikizeni vizuri, maana hapa ndipo wengi wetu hupotea. Dawa tunayomeza husafiri kwa damu. Mfupa nao ni kitu hai, una mishipa yake. Viini vikiushambulia, mishipa huziba na kipande cha mfupa hufa. Kipande hicho ni kama shamba ambalo mfereji wake umezibwa: hata ukifungulia maji mengi huko juu, hayafiki. Viini hukaa humo vimestarehe. Kwa hiyo kapsuli peke yake kwa kawaida hazitoshi. Daktari hupiga picha ya eksirei, hutoa mfupa uliokufa, na hupeleka sehemu yake maabara ili kujua dawa itakayoua viini hivyo.

Hapo ndipo dawa hupata njia. Wengi hupewa za jamii ya penisilini, kama amoksilini iliyochanganywa na klavulaneti, pengine pamoja na metronidazo. Ambaye mwili wake unakataa penisilini aweza kupewa klindamaisini, ambayo huingia vizuri mfupani. Mara nyingi dawa huendelea kwa wiki 6 hivi, au zaidi. Si zile siku 5 tulizozoea! Usaha hukauka mapema, na hapo ndipo watu huacha, lakini viini bado viko ndani.

Anayemeza metronidazo asiguse pombe, hata ile busaa ya harusini. Klindamaisini ikileta kuhara sana, rudi kwa daktari mara moja. Mama mjamzito aseme kabla ya kuandikiwa dawa. Tena mdomo wa chini ukifa ganzi, au ukishindwa kumeza na kupumua vizuri, usingoje siku ya kliniki.

Wiki 6 za dawa ni pesa, hilo hatuwezi kulificha. Kile kikundi kilimkopesha yule mama kutoka mfuko wa dharura, na kila baada ya wiki 2 mweka hazina alienda naye kununua dawa, zisije zikakatika katikati. Tulipomwona mara ya mwisho alikuwa amebakisha wiki moja, na kitambaa alikuwa amekiacha nyumbani.