Pilipili haina kosa, tuangalie kinini

KAYNA. Mchimbaji akishika tumbo, jirani wote wanasema neno moja: "Acha pilipili." Mama anaondoa pilipili kwenye sahani, anaondoa hata tangawizi na kitunguu saumu. Mwezi unapita, tumbo lingali linawaka. Mbona?

Mwaka 1982, huko Australia, waganga wawili, Barry Marshall na Robin Warren, waligundua mikrobi inayokaa ndani ya tumbo: Helicobacter pylori. Watu hawakuwaamini. Mwaka 1984 Marshall alikunywa mikrobi hiyo yeye mwenyewe, akapata gastriti. Mwaka 2005 walipewa tuzo ya Nobel. Leo tunajua kwamba vidonda vingi vya tumbo vinatoka kwa mikrobi hiyo. Muganga akiipata, anaandika antibiotiki pamoja na dawa ya kupunguza asidi, na lazima umalize zote.

Sababu ya pili tunatembea nayo mfukoni, siye wachimbaji. Tunatoka shimoni mgongo unauma, tunameza diclofenac, ibuprofène ao aspirine, leo mbili, kesho mbili, bila kuona muganga. Kinini hizo zinapunguza ute unaolinda tumbo, halafu asidi inakula nyama. Paracetamol haiumizi tumbo namna hiyo, lakini nayo iko na kipimo chake.

Na pilipili? Inaamsha mishipa ileile inayosikia moto, njo maana inachoma. Kidonda haileti. Lakini kama tayari uko na kidonda na inakuuma, punguza.

Tena, si kila bakteria ni adui. Ndani ya utumbo mkubwa ziko nyingi sana zinazotufanyia kazi: zinavunja nyuzi za chakula ambazo sisi hatuwezi kuvunja, na zinatoa kitu kinacholisha ukuta wa utumbo. Kitunguu, kitunguu saumu na puaro za Lubero ni chakula chao. Maharagwe na sombe vilevile. Kwa hiyo mama akiondoa hivi vyote, anazinyima chakula. Tangawizi inatuliza kichefuchefu, lakini kiungo cha chakula hakiponyeshi kidonda.

Ndugu, ukiona choo cheusi kama lami, ao ukitapika damu, usingoje asubuhi: kimbia kwenye kituo cha afya, na uonyeshe kinini zote unazomeza.

Na wewe mama, rudisha kitunguu saumu ndani ya sufuria. Kisha angalia mfuko wa suruali ya bwana.