Karabai Chini ya Mbalamwezi

Nina kumbukumbu moja ya utotoni ambayo ningeweza kuiapia. Nimekaa mchangani ufukweni Ujiji, giza limeshaingia, mwezi mpevu umening'inia juu ya milima ya Kongo, na ziwani karabai za wavuvi wa dagaa zimetapakaa kama mji wa pili. Nyuma yangu kuna harufu ya mawese yanayochemka.

Siku moja nikamsimulia mjomba, aliyevua dagaa tangu ujana wake. Alicheka mpaka akakohoa. "Mjomba, nani kakudanganya? Kwenye mbalamwezi karabai itamvuta dagaa gani? Siku za mwezi sisi tuko nchi kavu, tunashona nyavu. Tena mwezi mpevu jioni unachomoza huku nyuma, upande wa Kasulu. Huko Kongo unakwenda kuzama alfajiri."

Alikuwa sahihi kwa yote mawili. Picha yangu imeshonwa kwa vipande vya siku mbili tatu tofauti, na mshono siuoni hata nikiutafuta.

Vitabu vya mwanzo vya saikolojia huigawa kumbukumbu katika hatua tatu: kunasa, kuhifadhi na kurejesha. Mgawanyo huo unafaa kwa mtihani, ila unamfanya msomaji adhani kichwani mna ghala, gunia linaingia na kutoka lilivyo. Sivyo. Kila tunapokumbuka tunajenga upya, kwa vipande vilivyobaki na kwa yale tunayoyajua tayari kuhusu dunia.

Vinavyobaki si vingi. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijifanyia majaribio mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, na matokeo aliyoyachapisha mwaka 1885 yalionyesha kuwa ndani ya saa moja zaidi ya nusu ya alichojifunza kilikuwa kimeshapotea. Baada ya hapo usahaulifu hupunguza kasi.

Mapengo hujazwa na nini? Frederic Bartlett wa Chuo Kikuu cha Cambridge alilijibu swali hilo katika kitabu chake cha mwaka 1932. Aliwasomesha Waingereza hadithi ya wenyeji asilia wa Amerika Kaskazini, yenye mitumbwi, vita na mizimu, kisha akawataka waisimulie tena na tena. Mitumbwi ikageuka mashua. Kuwinda sili kukageuka kuvua samaki. Mizimu ikaanza kutoweka. Kila mmoja aliivuta hadithi kuelekea maisha anayoyajua, na kiolezo hicho cha akilini ndicho kinachoitwa skima. Mtoto wa Ujiji, nadhani, angeuacha mtumbwi ubaki mtumbwi. Sili ndiye angempa shida.

Hata swali linaweza kuingiza kitu kisichokuwapo. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer, nchini Marekani, waliwaonyesha wanafunzi 150 filamu fupi ya ajali ya magari. Watu 50 waliulizwa magari yalikuwa na mwendo gani yalipobamizana. 50 wengine waliulizwa yalipogongana. Waliosalia hawakuulizwa habari ya mwendo. Wiki moja baadaye wote wakaulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Katika kundi la "kubamizana" 16 walisema waliviona, katika kundi la "kugongana" 7. Filamuni hapakuwa na kioo chochote kilichovunjika. Ningetamani kila anayehoji shahidi, kuanzia kituo cha polisi hadi kikao cha ukoo, aijue habari hii kabla hajafungua mdomo.

Ujiji yenyewe ina kesi yake kubwa ya kumbukumbu. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alimkuta hapa David Livingstone. Lini? Kitabu cha Stanley kinasema tarehe 10 Novemba. Shajara ya Livingstone inaelekeza mwishoni mwa Oktoba. Wote wawili walikuwa wamepigwa na homa njiani, na hesabu ya siku ikawaponyoka.

Livingstone alikuwa ameishiwa karatasi na wino. Aliandika kwa wino wa mmea juu ya kurasa za gazeti kuukuu, na maandishi yakafifia hadi yakawa karibu hayasomeki. Wanasayansi waliyapiga picha kwa mianga ya rangi mbalimbali, na mwaka 2011 yakatolewa hadharani. Humo mna mauaji aliyoyashuhudia sokoni Nyangwe, mashariki ya Kongo, tarehe 15 Julai 1871. Ukilinganisha na nakala safi aliyoiandika baadaye, baadhi ya mambo kuhusu watu wa msafara wake mwenyewe yameachwa au yamelainishwa. Si haki kusema yote hayo ni kusahau. Mengine ni kuchagua. Lakini anayechagua mara nyingi huishia kuamini alichokichagua.

Na ile salamu? Dunia nzima inajua kwamba Stanley alivua kofia, akamwambia mzungu yule, kwa adabu ya sebuleni, kuwa anadhani ndiye Daktari Livingstone. Huenda alisema. Huenda pia aliitunga baadaye, akiwa ameshajua bwana wa Kiingereza anatakiwa asalimu vipi, kama mimi nilivyoupandisha mwezi wangu juu ya Kongo. Livingstone hakuiandika popote katika shajara yake. Shajara ya Stanley imehifadhiwa mpaka leo, ila kurasa za mkutano ule zimechanwa.