Kitufe Hakifungwi na Herufi Yake

Mtu aitazamapo kibodi ya kompyuta hudhani kwamba herufi iliyochorwa juu ya kitufe ndiyo inayopelekwa kwenye kompyuta. Sivyo. Katika taipureta dhana hiyo ilikuwa sahihi, kwa kuwa kila kitufe kiliunganishwa na kipande cha chuma chenye herufi yake. Katika kibodi, kitufe ni swichi tu. Maana yake imo katika jedwali lililohifadhiwa kwenye kumbukumbu, na jedwali huweza kuandikwa upya. Makala hii yaeleza jinsi jambo hilo linavyofanyika katika kibodi za kimakanika, yaani zile ambazo kila kitufe kina swichi yake kamili yenye springi, na ambazo watumiaji wengi huziunda wenyewe.

Faida yake kwetu yaonekana tukichukua mfano wa Mbozi Mission, mkoani Songwe. Kituo hicho kilianzishwa na Wamoravian mwaka 1899, na mmisionari Traugott Bachmann alijifunza Kinyiha huko, kisha akatafsiri Agano Jipya katika lugha hiyo. Siku zile maandishi yalitegemea herufi za chuma alizokuwa nazo mchapaji. Kinyiha kina jirani zake katika nyanda hizo za juu, zikiwamo Kimalila na Kinyakyusa, lugha zenye irabu 7, ambazo tahajia zake hutumia ɨ na ʉ pamoja na zile 5 tuzijuazo. Herufi hizo mbili hazimo katika kibodi za kawaida za madukani. Wakati huohuo Q na X, zisizotumika katika alfabeti ya Kiswahili, zimekalia vitufe viwili.

Safu na nguzo

Kibodi ndogo huwa na vitufe 61. Kazi ya kuvisoma hufanywa na mikrokontrola, yaani kompyuta ndogo iliyomo katika chipu moja. Chipu itumikayo mara nyingi, ATmega32U4, ina njia 26 tu za kupokea na kutoa ishara. Haiwezi kupewa waya mmoja kwa kila kitufe. Kwa hiyo vitufe hupangwa katika safu 5 na nguzo 14. Waya 19 hutoa makutano 70, nayo yatosha. Mikrokontrola huamsha mstari mmoja baada ya mwingine na kuangalia ishara imetokea wapi, mara nyingi sana kwa sekunde.

Mpango huu una hila mbili. Kwanza, vipande vya chuma ndani ya swichi hudunda vinapokutana, na bonyezo moja laweza kuhesabiwa kama matatu. Dawa yake ni kusubiri kidogo, aghalabu milisekunde 5, hadi ishara itulie. Pili, vitufe vitatu vilivyo kwenye pembe za mstatili vikibonyezwa pamoja, umeme huzunguka na kukifanya cha nne kionekane kimebonyezwa. Dawa yake ni kuweka diodi penye kila swichi, ili mkondo upite upande mmoja tu.

Programu dhibiti

Maagizo yanayoongoza kazi hiyo huitwa programu dhibiti. Hukaa katika kumbukumbu isiyofutika umeme ukatikapo. Programu dhibiti ya QMK hutolewa bure pamoja na maandiko yake yote, hivyo mtu aweza kuisoma, kuibadili na kuiingiza tena katika kibodi kwa waya wa USB. Sehemu ndogo ya kumbukumbu hubaki na programu ya kuanzishia; kwa hiyo umeme ukikatika katikati ya kazi, kwa kawaida huanzwa upya bila hasara.

Programu hiyo hutafuta makutano yaliyobonyezwa katika jedwali lake, kisha hupeleka nambari. Kitufe cha A hupeleka nambari 4, na cha Q nambari 20. Kompyuta nayo ina jedwali la pili, linalogeuza nambari kuwa herufi. Anayetaka kubadili kitufe sharti ayakumbuke majedwali yote mawili.

Twaweza kuagiza kitufe cha Q kipeleke n, g na ritifaa kwa mfululizo. Neno ng'ombe litaanza kwa bonyezo moja. Herufi ɨ ni ngumu zaidi, kwa sababu haina nambari ya kitufe. Lakini ina nambari katika orodha ya kimataifa ya herufi: ɨ ni 0268, na ʉ ni 0289. Katika mifumo mingi ya Linux, kibodi huweza kubonyeza Ctrl, Shift na U kwa niaba yetu, kisha ikaandika nambari hiyo. Tena Q ya zamani haipotei: jedwali huweza kuwa na matabaka, na kitufe kimoja kikateuliwa kuvusha mwandishi kutoka tabaka hadi tabaka.

Taa na kiasi cha umeme

Taa za rangi chini ya vitufe zaweza kuonyesha tabaka linalotumika. Taa aina ya WS2812 ina rangi 3, nyekundu, kijani na bluu, kila moja ikiwa na viwango 256. Taa zote hufuatana katika mnyororo: ya kwanza huchukua biti zake 24 na kupitisha zilizobaki.

Hapa hesabu ni ya lazima. Kila rangi ikiwaka kikamilifu huweza kutumia miliampia 20, basi taa nyeupe hutumia 60. Taa 61 zitataka miliampia 3660, yaani wati 18.3 kwa volti 5. Tundu la USB 2.0 huruhusu miliampia 500 tu. Kwa hiyo programu dhibiti huwekewa kikomo cha mwanga: kwa kiwango cha 20 kati ya 255, taa hizo hutumia takriban miliampia 290. Kuwasha taa ya tabaka peke yake ni bora zaidi, hasa kompyuta inapotegemea betri ya sola.

Jaribio la darasani

Chukua swichi 4, betri za tochi na glopu yake. Panga swichi penye makutano ya safu 2 na nguzo 2. Unganisha safu ya kwanza na betri, na nguzo ya kwanza na glopu inayorudi kwenye betri. Acha wazi swichi ya safu ya kwanza na nguzo ya kwanza. Funga nyingine tatu. Glopu itawaka. Sasa weka diodi penye kila swichi, mkondo ukielekea kutoka safu kwenda nguzo, kisha rudia. Glopu haitawaka. Wanafunzi wachore njia ya mkondo katika hali zote mbili, na waonyeshe ni diodi ipi iliyouzuia.